Muvi pacha: kwa nini stori moja inatoka mara mbili, na wewe uangalie ipi

Kila zikitoka muvi mbili zinazofanana utasikia maneno yaleyale, huyu kamwibia yule, hawa wameishiwa mawazo. Mimi nazipenda sana hizi muvi pacha, nazitafuta makusudi na kuziangalia mbili mbili, na ninachokiona ni kwamba wizi ni sababu ndogo mno ukilinganisha na zingine. Halafu ukishajua pacha wamezaliwaje hata kuchagua kunakuwa rahisi, maana ukiweka pembeni kile kilichowafanya wafanane, kinachobaki ndio muvi yenyewe. Basi twende pacha kwa pacha na kila mahali nitasema mimi ningechukua ipi, ubishi ruksa.

Tuanze na wale maarufu kuliko wote, Deep Impact na Armageddon, mwaka 1998. Ya kwanza iliingia sinema Mei, ya pili Julai mosi, hata miezi miwili haikutimia katikati. Zote mbili kuna kitu kikubwa kinakuja kutoka angani kugonga dunia, zote wanatumwa watu na chombo wakakitegee bomu la nyuklia, zote kuna watu wanaagana huku wanalia. Ukiona treila tu unasema hapa kuna mtu kakopi. Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 mwanasayansi Luis Alvarez na mwanawe Walter pamoja na wenzao walileta hoja kwamba dinosaria walimalizwa na kitu kilichotoka angani, watu wakabishana miaka kumi na ushee, mwanzoni mwa miaka ya 90 shimo la Chicxulub kule Mexico likatambuliwa kuwa ndio kovu lenyewe. Halafu Julai 1994 vipande vya kometi ya Shoemaker-Levy 9 vikaanza kuipiga sayari ya Jupita kimoja baada ya kingine kwa karibu wiki nzima, na madoa yake yakawa yanaonekana mpaka kwa darubini ndogo za watu wa kawaida. Kitu kilichokuwa cha kwenye vitabu vya wataalamu kikawa habari ya kwenye TV. Sasa waandishi wote wa skripti waliona picha zilezile wiki ileile, na muvi kubwa inaweza kuchukua miaka mitatu minne kutoka wazo mpaka kwenye skrini, piga hesabu mwenyewe unaangukia 1998. Na usisahau kwamba tangu Jurassic Park ya 1993 kila studio ilikuwa inajua kompyuta zinaweza kuonyesha kitu ambacho zamani kingeonekana cha uongo, kwa hiyo wazo lilikuwepo na vifaa vilikuwepo.

Tofauti sasa. Armageddon ya Michael Bay inawafuata wanaoondoka. NASA wana siku 18 tu kabla ya asteroidi ukubwa wa jimbo la Texas haijafika, wanachukua wachimba mafuta wakiongozwa na Bruce Willis wanawafundisha harakaharaka kwenda angani, na kuanzia hapo muvi haikai chini, ni vichekesho, milipuko, muziki, machozi, mlipuko mwingine. Deep Impact ya Mimi Leder inawafuata wanaobaki. Serikali imechimba mapango Missouri ya kuingiza watu milioni moja, laki mbili wameshachaguliwa, wanasayansi, madaktari, wasanii na wengine wa aina hiyo, laki nane zilizobaki zinachezeshwa bahati nasibu na ukishapita miaka 50 jina lako halimo. Hiyo sehemu ndogo tu ya stori ina uzito kuliko milipuko yote ya ile nyingine, kwa sababu unakaa pale unajiuliza mama yako angekuwa upande gani wa ule mlango. Na Morgan Freeman kama rais anaongea na wananchi kwa sauti ya mtu mzima anayeheshimu wanaomsikiliza, hilo ni adimu kwenye muvi za namna hii.

Kwa pesa Armageddon ilishinda, iliingiza kama dola milioni 553 duniani na ndio iliyoongoza mwaka ule, Deep Impact ikaishia kama 349, ila Armageddon pia ilikula bajeti karibu mara mbili. Kwa sayansi Deep Impact iko mbele kwa mbali, kitu cha ukubwa wa Texas kisingejificha mpaka siku 18 za mwisho, kingeonekana zamani sana. Ushauri wangu ni huu: mko wengi, mnataka kelele na kushangilia, wekeni Armageddon wala msione haya, inafanya kazi yake vizuri. Uko peke yako au na mtu unayeweza kuongea naye baada ya muvi kuisha, Deep Impact bila kufikiria mara mbili.

Mwaka mmoja kabla kulikuwa na volkano mbili. Dante's Peak ya Pierce Brosnan ilitoka Februari 1997, Volcano ya Tommy Lee Jones ikafuata Aprili. Hapa sitakaa sana. Dante's Peak iko kwenye mji mdogo chini ya mlima, imejengwa juu ya mambo yanayofanana na yale yaliyotokea kwenye volkano ya Mount St. Helens, Marekani, mwaka 1980, jivu, tope, wataalamu wanaobishana kama watoe tahadhari au wasubiri. Volcano inaipeleka lava katikati ya Los Angeles mahali ambapo kijiolojia haina sababu yoyote ya kutokea. Chukua Dante's Peak, ile nyingine ni ya siku ambayo huna kingine.

Sasa tuje kwenye pacha ambao kweli kulikuwa na ugomvi, Antz na A Bug's Life, hizi katuni za sisimizi za 1998. Jeffrey Katzenberg alikuwa mkubwa wa upande wa filamu pale Disney, akaondoka 1994 kwa uchungu baada ya kutopewa cheo alichokitaka, akaenda kuanzisha studio ya DreamWorks na Steven Spielberg na David Geffen. Pixar, watengenezaji wa katuni za kompyuta, walikuwa wanafanya kazi na Disney na John Lasseter alikuwa ameshampigia Katzenberg stori ya muvi yao ya wadudu. Halafu DreamWorks nao wakatangaza muvi ya sisimizi, na ilipangwa kutoka Machi 1999 lakini ikavutwa mbele mpaka Oktoba 1998, wiki chache kabla ya ile ya Pixar ya Novemba. Pixar walikasirika hadharani na wakasema wamesalitiwa, upande wa DreamWorks wakasema wazo lilikuja kwao kivyake. Mimi sikuwepo kwenye hivyo vyumba, ila tarehe kuvutwa vile hakuhitaji mtu wa kutafsiri, hayo yalikuwa mashindano ya makusudi.

Lakini ziangalie zote mbili uone zilivyo mbali. Antz steringi wake ana sauti ya Woody Allen, sisimizi mwenye mawazo mengi anayelalamika kwa mshauri kwamba hajulikani kati ya mamilioni, kuna jenerali anayepanga kuwafuta wenzake walio dhaifu, kuna vita na mchwa ambavyo kwa katuni ni vikali kweli, mtu anakufa pale na unaumia. Ni muvi ya watu wazima iliyovaa rangi za watoto. A Bug's Life ni ya mbunifu anayeharibu kila anachogusa, anaondoka kwenda kutafuta mashujaa wa kuwalinda wenzake dhidi ya panzi wanaowanyang'anya chakula, akarudi na kundi la sarakasi bila kujua. Ukiwa na watoto wadogo hii ndio yako na hakuna mjadala. Ila nakuomba uitazame na wewe pia, kuna ile sehemu mkubwa wa panzi anawaeleza wenzake kwa nini hawawezi kumwacha hata sisimizi mmoja aliyesimama, kwamba hawa wadogo ni wengi kuliko sisi na siku wakilijua hilo tumekwisha. Nimeona muvi nyingi za siasa ambazo hazijawahi kulisema hilo kwa ufupi vile. Iliingiza kama milioni 363 dhidi ya 171 za Antz, kwa hiyo kutangulia hakukusaidia kihivyo. Mimi nachukua A Bug's Life, ila kijana wa miaka kama 14 hivi aliyeanza kuuliza kwa nini lazima tufanye kama wengine, huyo mpe Antz.

Watu wanauliza, sasa studio ikishajua wenzao wanatengeneza kitu kilekile si waache tu? Hawaachi, na nawaelewa. Ikifika siku unasikia habari za mpinzani tayari umeshanunua skripti, umeshasaini staa ambaye mara nyingi analipwa muvi ifanyike isifanyike, seti zinajengwa, na bosi aliyepitisha hilo wazo akiifuta anakuwa amekubali mbele ya wenzake kwamba hela imemwagika. Tena kusikia kwamba wengine wanaitaka stori hiyohiyo kunamtia moyo, anaona kumbe ina soko. Kwa hiyo wote wanakanyaga mafuta na kinachobaki kugombaniwa ni tarehe.

Kuna mara moja ambayo wenyewe walikaa wakaongea. Miaka ya 70 Warner Bros. walikuwa wamenunua riwaya ya moto kwenye ghorofa refu, Fox nao wakanunua riwaya nyingine ya moto kwenye ghorofa refu, badala ya kuumizana wakaunganisha hela na stori zote mbili, ikatoka The Towering Inferno ya 1974 yenye Paul Newman na Steve McQueen ndani ya muvi moja. Natamani ingetokea mara nyingi zaidi. Na kuna mara ambayo mmoja alikufa njiani: Richard Preston aliandika makala ya virusi vya jamii ya Ebola kwenye The New Yorker mwaka 1992, Fox wakashinda kuinunua, walioikosa wakatengeneza ya kwao ambayo ndio Outbreak ya 1995 na Dustin Hoffman, ile ya Fox iliyokuwa na majina kama Robert Redford na Jodie Foster ikavunjika kabla ya kupigwa picha. Hapo huna cha kuchagua, mshindani hakuzaliwa.

Ona hiyo ya Outbreak vizuri lakini, maana ndio inaeleza mengi. Wazo halina hakimiliki. Sheria ya Marekani inalinda namna ulivyoliandika, maneno yako, wahusika wako, mpangilio wako, hailindi "virusi hatari vinatoroka" wala "magaidi wanateka ikulu". Na wakala mwenye skripti nzuri anaipeleka kwa studio nyingi kwa mpigo ili wagombanie bei, mmoja anainunua, wengine wote wameshaisoma na wameshaiota. Hawawezi kuikopi, ila wanaweza kufungua makabati yao wakatafuta kitu cha mwelekeo huo.

Ndio maana 2013 tulipata ikulu ya Marekani ikitekwa mara mbili, Olympus Has Fallen mwezi Machi na White House Down mwezi Juni. Hizi zilikuwa mbio wazi kabisa, Sony walilipa dola milioni 3 kwa skripti ya White House Down, wakampa Roland Emmerich bajeti ya kama milioni 150, na bado Olympus ya Gerard Butler iliyogharimu kama milioni 70 ikawahi na ndio iliyozaa mwendelezo mara mbili, 2016 na 2019. Olympus ni ngumu, damu nyingi, visu, hakuna mzaha, watoto wasiwepo. White House Down ya Channing Tatum na Jamie Foxx ni nyepesi, rais mwenyewe anakimbizwa na gari kwenye bustani ya ikulu huku ameshika silaha nzito, ina ucheshi wa watu wawili wasiofahamiana wanaokuja kupendana. Wengi wanaidharau hii ya pili kwa sababu ilichelewa. Mimi ndio naipenda, ina moyo, na binti wa steringi ndani yake ana akili na ana kazi ya kufanya.

Zingine zinatoka pamoja kwa sababu stori haina mwenyewe tena. Pinocchio, stori ya kikaragosi cha mbao, ni kitabu cha Carlo Collodi cha 1883, yeyote anaweza kukichukua, mwaka 2022 zikaja mbili, ya Disney mwezi Septemba na ya Guillermo del Toro kupitia Netflix mwezi Desemba. Del Toro alikuwa anaihangaikia tangu 2008, kwa hiyo kukutana kwao ni suala la nani alipata hela lini. Chaguo ni jepesi kuliko yote humu: del Toro. Amekiweka kile kikaragosi Italia ya dikteta Mussolini, nchi inayodai kila mtoto awe mtiifu, kisha akamfanya mtoto asiyetii kuwa ndiye mwenye utu. Wanasesere halisi wanasogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja moja, ikachukua Oscar ya katuni. Ile ya Disney ina Tom Hanks na ni kama kivuli cha katuni yao wenyewe ya 1940. Maadhimisho nayo yanaleta hivihivi, 1992 ilipotimia miaka 500 ya safari ya Columbus zikatoka mbili mwaka huohuo na hata moja siwezi kukusukuma uitafute.

Kwa watu halisi hali inauma zaidi. Capote ya 2005 na Infamous ya 2006 zote zinamfuata mwandishi Truman Capote akiwa Kansas anafuatilia mauaji ya familia moja ya 1959 yaliyompa kitabu chake kikubwa, kila moja imetoka kwenye kitabu tofauti cha maisha yake. Capote ikatangulia, Philip Seymour Hoffman akabeba Oscar Machi 2006, Infamous ilipofika sinema Oktoba watu wakaona wameshaiona. Ni uonevu mkubwa. Hoffman anakupa Capote baridi, anayekaa na muuaji gerezani na unaona anavyompenda na anavyomtumia kwa pumzi moja, anahitaji rafiki yake anyongwe ili kitabu kiishe. Toby Jones kwenye Infamous anakupa yule wa kwenye sherehe, mchekeshaji, mwenye umbea, halafu taratibu umbea unakauka mdomoni, na Daniel Craig kama muuaji anatisha kweli. Ukiwa na usiku mmoja tu chukua Capote, imekazwa zaidi. Ukiwa na siku mbili anza na Infamous, kwa sababu ukitoka kwenye ubaridi wa ile nyingine utaiona hii kama mchezo wakati sio mchezo.

Wachawi wa jukwaani wa 2006, The Illusionist na The Prestige, hao nadhani ni bahati tu, moja imetoka kwenye hadithi fupi ya Steven Millhauser na nyingine kwenye riwaya ya Christopher Priest. Unataka mapenzi, Vienna na muziki wa Philip Glass, ya kwanza. Unataka watu wawili wanaoharibiana maisha kwa wivu mpaka kichwa kikuume, ya pili, na ya pili inafaa kurudiwa.

Na dokumentari nazo siku hizi zinagongana. Tamasha la muziki la Fyre liliporomoka Bahamas Aprili 2017, Januari 2019 Hulu, ambao nao wanaonyesha muvi mtandaoni, wakaachia ya kwao siku nne kabla ya Netflix. Hapa usichague kwa utamu, angalia nani yuko nyuma ya kamera. Ya Netflix ilitengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Jerry Media ambayo ndiyo iliyolitangaza lile tamasha, ya Hulu ilimlipa mwandaaji mwenyewe, Billy McFarland, ili ahojiwe. Ya Netflix ina wale wafanyakazi waliodhulumiwa hela zao, hicho ndicho kilichonibakia, naichagua hiyo ila ukiiangalia kumbuka nani hasemwi sana ndani yake.

Pacha wa mwisho ni wazee, wote wa 1964, na wote waliletwa na studio ya Columbia. Mgogoro wa makombora ya Cuba, pale Marekani na Urusi nusura wapigane kwa nyuklia, ulikuwa Oktoba 1962, dunia ilikuwa bado inatetemeka. Stanley Kubrick alikuwa na Dr. Strangelove, Sidney Lumet alikuwa na Fail Safe, zote ndege za Marekani zinaelekea Urusi na mabomu na haziwezi kuitwa zirudi. Hapa shutuma ya wizi ilifika mpaka mahakamani, Peter George ambaye riwaya yake ya 1958 ndio msingi wa ile ya Kubrick aliwashitaki waandishi wa Fail-Safe wakamalizana nje ya mahakama, na matokeo yake Columbia wakazibeba zote, ya Kubrick Januari na ya Lumet Oktoba. Watu walikuwa wameshalicheka bomu miezi minane, wakashindwa kuliogopa tena, Fail Safe ikaanguka. Haikustahili. Haina muziki, ni vyumba vichache, nyuso, na Henry Fonda kama rais ameshika simu anamweleza kiongozi wa Urusi jambo ambalo hakuna binadamu anapaswa kulieleza, na uamuzi anaoufanya mwishoni sitakuambia. Dr. Strangelove ndio muvi kubwa zaidi kati ya hizo mbili, hilo nakubali. Lakini usifuate mpangilio wa 1964, anza na Fail Safe taa zikiwa zimezimwa na simu iko mbali, kisha kesho yake ndio uweke ya Kubrick.